Nyumba Uliyoniambia Niifunge

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji, pamoja na watoto wenu ambao mpaka leo nawajua kwa picha tu. Afya inasemaje? Kile kifua kimeizoea baridi ya huko? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza.

Nyumba yako imekwisha. Vigae vya bafuni nimevipanga kwa mkono wangu, na nakwambia bila aibu kwamba ni nzuri. Lakini ukisimama barazani utaziona zile nyingine nilizowajengea wenzako mliosoma pamoja, zote za ghorofa, zote na kufuli mlangoni. Kila mmoja wenu alitaka vyumba vingi kumshinda mwenzake, na hakuna aliyekuja kulala hata katika kimoja. Ya rafiki yako tuliyemwita Masikio imeota majani sebuleni. Shule yetu imefungwa, watoto wa kujaza darasa hawapo. Mtaa umebaki na wazee na popo.

Ndipo wakaja hawa wageni, najua hutaki hata kuwasikia. Kwao mvua zimewagomea, mifugo ikaisha, wakaja kutafuta vibarua. Mume alikuwa akinichanganyia zege, mtu asiye na maneno mengi, na mkewe mjamzito, wakilala chini ya turubai pale kiwanjani. Nikawaambia wajibanze kwako kwa muda, angalau pawe na mtu wa kufungua madirisha. Ulipozipata habari hizo ulinipigia ukafoka, ukasema hukujenga hoteli, niwatoe na kufunga nyumba kabla hujaja likizo.

Juzi nilikwenda kuwatoa. Roho ilikuwa haitaki, lakini nyumba ni yako. Nilimkuta mama chumba cha chini, kitanda chake kimetandikwa, sufuria zake zimeshapangwa jikoni. Alikuwa amehamia bila kuniambia. Nikamweleza ulivyoagiza. Akanijibu kwamba tangu uondoke umeagiza mengi, na kwamba anayemwinua asubuhi na kumkanda magoti ni yule mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni. Akasema kama ni kutoa watu basi nianze na kitanda chake, naye atanisaidia kushika upande wa miguu. Nilicheka. Kisha nikatoka nje nikalia, kaka, mtu mzima na ndevu zangu.

Nililia kwa jambo ambalo yeye alikuwa halijui, na wewe hulijui. Huku hakuna tena wa kujengewa. Nimepata kazi kwenye bwawa linalojengwa nchi jirani, naondoka Jumatatu. Nilikuwa nikiwaonea hasira ninyi mliotangulia, nikijiona mimi ndiye mtoto niliyebaki, kumbe nilikuwa nasubiri zamu yangu tu. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Jioni nilimwambia mama. Hakulia. Aliniuliza kama nina sweta. Halafu akamwita yule mume, akachukua funguo zote za nyumba yako mkononi mwangu na kumkabidhi, akasema za nyumbani hazisafiri. Kama unalo neno la kumpinga, njoo umwambie mwenyewe.

Nisamehe kwa kushindwa kutimiza ulilonituma. Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Mama anakusalimu, anauliza mnakuja lini, na safari hii ameuliza bila kukasirika, jambo lililonitisha zaidi. Ukifika usije na hasira wala na fundi wa kufuli. Piga hodi kama mtu yeyote, watakufungulia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba