Jina la Mtoto wa Nne wa Mondo

Wodi ya Watoto,
Arua.
9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Étienne,

Pokea salamu za dada yako Sidonie. U hali gani huko Kisangani? Kile kifua kimepona? Nani anakupikia? Sisi wa nyumbani Ludara tulikuwa wazima, na ningependa kuishia hapo. Lakini tangu Februari simu yako haipatikani, na maji yamenifika shingoni. Barua hii nampa Lionel, dereva wa lori la mbao, akupe mkononi.

Mwanao Laurette ni mgonjwa. Usaha umeingia ndani ya mfupa wa mguu. Leo ni siku ya kumi na mbili nalala naye hapa Arua, maana mkeo Mireille ana kichanga, hawezi kuja. Daktari anataka kumpasua, ila mtoto amekonda mno. Lazima kwanza ale apate nguvu. Naye kila mlo anameza vijiko vitatu vya uji. Cha nne anafunga mdomo.

Unajua sababu? Ni wewe, na wale paka wako wa porini. Ile hadithi ya mondo wa kule Dranya mwenye watoto wanne, uliyomwanzishia ukaondoka. Watatu uliwapa majina, wa nne ukasema utampa ukirudi. Sasa Laurette anakula kijiko kwa jina la kila mmoja, kwa zamu, na tukimfikia wa nne ananiambia: "Mama mondo anaita batoto kula na majina. Ule wa nne haiko na jina, hapana itwa. Mimi nitakula yake namna gani?"

Usicheke, Étienne. Mimi nililia.

Nikajaribu mwenyewe. Nikasema Malkia, akanitazama kama niliyepungukiwa akili. Nikasema Theluji, neno la vitabuni, akauliza, "Shangazi, hiyo iko wapi hapa?" Alizeti nayo akaikataa, eti hulimwa na watu, na mondo hajui shamba. Pasca, Mlugbara wa Dadamu anayemuuguza mjukuu kitanda cha jirani, akatusaidia kwa desturi ya kwao, ambako jina la mtoto mara nyingi hueleza shida iliyokuwa nyumbani alipozaliwa. Akasema aitwe Candiru, yaani taabu. Laurette akajifunika shuka mpaka jioni. Maskini Pasca, aliomba radhi hadi nikamwonea huruma yeye.

Ndipo nikaelewa ulivyofanya. Umande alifumbua macho alfajiri, nyasi zimelowa. Tete alifumbua katikati ya matete. Cheche, jioni walipochoma nyasi ng'ambo ya mto. Kila mmoja anaitwa kile alichokiona kwanza duniani. Nikajiona mjanja, nikasema huyu wa nne aliona radi. "Hapana, Shangazi. Macho yake haijafunguka bado."

Subira huvuta heri, wanasema, lakini mfupa unaooza haujui methali. Jana nikamwambia nakuandikia utume hilo jina. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, "Koko alisema nini?"

Unakumbuka alichosema Koko, mama yetu. Laurette alipozaliwa Koboko ulikuwa Bunia, ukatuma jina lake kwa dereva. Mama akamrudisha dereva mlangoni: "Jina haitumwi na lori. Baba atakuja kusema mbele ya mutoto." Tukamwita Mgeni siku kumi na tisa, hadi ulipofika na vumbi lako ukamwinamia. Hadithi hiyo mwanao anaijua kuliko sala, na sasa ananipiga nayo.

Kwa hiyo usiandike jina, ndugu yangu, hata kama unalo. Nina hasira na wewe, na ninaogopa. Hayo mambo yaliyokuficha tangu Februari, kama ni aibu, tutayazungumza baadaye au tusiyazungumze kabisa. Lori la Lionel likigeuza, panda.

Mireille anakusalimu, na Dany mdogo wetu. Pasca hakujui, lakini anakuombea kila asubuhi. Mungu akufungulie barabara na akulinde kwenye matope yake.

Laurette hajatuma salamu. Amemeza cha Umande, cha Tete na cha Cheche, kisha amegeukia ukutani. Naandika kwa mkono mmoja. Kijiko cha nne bado nimekishika.

Wako akupendaye hata kwa hasira,
Dada yako Sidonie