Garrett Kageuza Samaki

Bridie, uko? Usimwambie mtu pale shuleni, hasa walimu wenzetu Wachina. Watatucheka mpaka muhula uishe.

Garrett kageuza samaki. KAGEUZA SAMAKI, Bridie, mezani kwa mwenye boti!

Asubuhi huyo mwenye boti, Mchina mmoja aitwaye Mzee Luo, alituvusha ziwa kuangalia hekalu, mchana akatukaribisha chakula kwake. Mume wangu akamaliza upande wa juu, akamgeuza samaki kwa vijiti, paap! Wenyeji wote wakaweka vijiti chini.

Mke wa Luo akaniambia polepole, "Mwalimu, sisi watu wa maji samaki hatumgeuzi. Ukimgeuza, boti nayo..."

Mimi na kiherehere changu, mwalimu wa lugha, nikamalizia kwa Kichina safi: "Inapinduka?"

Kumbe hilo neno ndilo lisilotamkwa kabisa! Nikaomba radhi, na kwenye kuomba radhi nikalirudia. Mama wa watu akaziba masikio.

Garrett anacheka tu. "Aa, ni samaki bwana!"

Sasa tuko botini tunarudi. Upepo umeanza, hekalu silioni tena kwa mvua. Asubuhi mke wa Luo tulikuwa naye, safari hii kakataa kupanda. Na mbwa wao kamshusha.

Unakumbuka ile picha niliyokutumia, Mzee Luo kayakalia majaketi ya kuelea kama takia? Katuvalisha sasa hivi, kamba kafunga mwenyewe.

Garrett hacheki tena.

Bridie, Mzee Luo naye anavaa lake.