Udongo wa Uso Wangu

Miasenyi, karibu na Voi
Jumatatu ya pili ya Novemba

Ni mwaka wa thelathini na tatu tangu nitoke nyumbani. Nimehesabu mara mbili, maana mwaka jana pia nilikuandikia thelathini na tatu, na nilikuwa nimekosea.

Nyambura, mtoto wa mwisho wa mama yetu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali pa jua, na goti lako limepungua uvimbe. Je, ile dawa ya kupaka bado unaitumia, au umempa jirani kama ulivyofanya na ile ya kwanza? Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ya mjukuu wako Wanjiru, ambaye ndiye atakusomea sasa macho yako yanapochoka. Mwambie asome polepole na asiruke mahali, hata akiona pagumu.

Mimi ni mzima. Jicho la kulia limefifia, lakini la kushoto bado linasoma gazeti. Mvua ya vuli ilianza juzi, siku mbili mfululizo, na vumbi la barabara kuu limetulia. Ndovu walipita shambani wiki iliyotangulia mvua wakazilaza mbaazi zote chini, kisha wakaenda zao bila kula hata nusu. Banda la pancha sasa liko mikononi mwa mwanangu. Mimi huketi pale asubuhi na kuwaambia madereva wa malori mambo ambayo hawakuniuliza.

Kopo lako la udongo lilifika salama kwa basi. Ulilifunga kwa mpira na gazeti kama dawa, na ndani ukaandika kwa mkono wako, "Nimechimba mwenyewe, pale palipokuwa jiko la Mama." Nilikueleza kwa simu kwamba ni la kazi ya ukutani, lakini simu ilikuwa inakatika, kwa hiyo nitaanza mwanzo.

Pale Voi, karibu na soko, kuna ghala la zamani lenye ukuta mrefu upande mmoja. Mwalimu mmoja wa sanaa, msichana wa Kidawida, wenyeji wa milima ya hapa, anayeitwa Mkawasi, aliomba ukuta huo ili watu wa hapa wachore hadithi za askari wao. Si majenerali. Ni madereva, wapishi, wabeba mizigo, watu ambao picha zao ziko kwenye makabati ya bibi zao zikiliwa na nondo. Mkawasi alitueleza siku ya kwanza jinsi wazo lilivyomjia. Zamani watu wa milima hii walikuwa wakifukua mafuvu ya wazee wao baada ya muda na kuyapanga katika mapango ya ukoo, ili waliokufa wakae pamoja na wajukuu wajue pa kuwaendea. Mzee mmoja wa ukoo wake alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya kwanza vya Wazungu, hakurudi. Pangoni, kati ya mafuvu ya ndugu zake, nafasi yake waliiacha wazi. Iko wazi mpaka leo. Msichana alisema aliiona akiwa mdogo, akauliza ni ya nani, na tangu hapo haijamtoka akilini.

Kwa hiyo akaweka taratibu mbili. Ya kwanza, kila uso ukutani upakwe kwa rangi iliyotengenezwa kwa udongo wa nyumbani kwa mwenyewe, ukichekechwa na kuchanganywa na gundi nyeupe ya maseremala. Ya pili, kabla ya mtu kuchorwa, aketi mbele ya watu wote asimulie, na kando yake aketi mtu mmoja anayemjua, mwenye ruhusa ya kusema, "Hapana, haikuwa hivyo." Familia ya marehemu nayo vivyo hivyo.

Usidhani ilikuwa huzuni tupu. Jumamosi ya kwanza mzee mmoja kutoka Werugha alisimama akasimulia jinsi alivyomkabili simba mpakani kaskazini. Mke wake, aliyeketi kando kama mpingaji, akamwacha afike mwisho, kisha akasema, "Wewe ulikuwa mpishi."

"Mpishi hana macho?" mzee akauliza.

"Anayo. Ya kuangalia maharagwe."

Watu walicheka mpaka mwalimu akakaa chini. Mwishowe wamemchora na sufuria, naye ameridhika, ila ameomba simba awe kwa mbali.

Jumamosi ya pili ilikuwa zamu yangu. Unamkumbuka Mwachofi, dereva mwenzangu jeshini, yule wa Chawia niliyemleta nyumbani likizo moja, Baba akamcheka kwa kulala na koti? Ndiye aliyeniambia wakati ule, "Siku ukikosa pa kwenda, shuka Voi uniulizie." Nyumba zetu kule Molo zilipochomwa katika mapigano ya kikabila na sisi tukatawanyika, nilishuka Voi na mke na watoto wanne, nikamuulizia. Akanipa kipande chake cha huku chini Miasenyi, akarudi kukaa Chawia kwa ndugu zake. Wewe hayo unayajua. Amekufa mwaka wa sita sasa. Mpingaji wangu alikuwa mjane wake, Mama Saru.

Sasa nitakuandikia jambo ambalo sikuwahi kukuambia, wala Baba, wala mke wangu, aliyekufa bila kujua.

Mwachofi alipoteza mguu wa kushoto kule kaskazini. Nyumbani mlijua ni bomu lililotegwa barabarani, na ni kweli. Mlijua pia kwamba lori lile la mbele lilikuwa langu, na kwamba asubuhi ile nilikuwa kitandani na malaria, naye akaliendesha badala yangu. Hilo la malaria si kweli, Nyambura. Sikuwa na homa. Jioni iliyotangulia tulikuwa tumeletewa habari za lori lingine lililolipuliwa, na nilipoamka mikono ilikataa. Nilijifunika blanketi nikasema naumwa. Mwachofi alikuwa wa lori la tatu. Aliingia hemani akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akatoka, nikasikia mlango wa lori langu ukifungwa.

Nilikuwa nimejiandaa kusimulia malaria. Nimeisimulia miaka yote, ningeweza kuisimulia nikiwa usingizini. Lakini Mama Saru alikuwa ameketi kando yangu, mikono yake juu ya mkoba, akiangalia mbele kama mtu aliye kanisani. Nikafika pale pa kusema "nilikuwa na homa" nikasema, "Sikuwa na homa. Niliogopa."

 Mkawasi alikuwa na kalamu mkononi, hakuandika. Kisha akamgeukia mjane, kama taratibu inavyotaka, akamuuliza, "Mama, una la kusahihisha?"

"Sina," akasema Mama Saru. "Ndivyo ilivyokuwa."

Nikamwangalia. "Ulijua, shemeji?"

"Mwachofi alijua. Alisema wewe ukiwa na malaria kweli hata harufu ya sigara hukutapisha. Alfajiri hiyo, kabla hujajifunika, alikuona unavuta."

"Na hakuniambia kitu."

"Angekuambia nini? Alisema ilikuwa lazima mmoja wenu aende, na wewe mikono ilikuwa inatetemeka. Dereva wa mikono inayotetemeka angewaua wote." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeulizia bei ya nyanya, "Ila mimi nilikukasirikia, shemeji. Si kwa kuogopa. Kwa vile ulikula kwetu miaka yote ile na hukusema."

Nilimwambia nimekosa. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba. Lakini tulipotoka alinipa mkoba wake nimshikie wakati anafunga kitambaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumanne kopo lako likafika, na Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya udongo.

Walikuja watu na mifuko, bakuli, hata soksi. Wa Werugha walileta mweusi wenye unyevu, wa Voi mwekundu. Mama Saru alileta wa Chawia amefunga kwenye leso. Mkawasi huumwaga udongo katika beseni la maji kwanza, takataka zielee, kisha huchuja kwa kitambaa. Ilipofika zamu yangu nikasogea karibu, nikaangalia kwa jicho langu zima. Unaujua udongo wa Baba. Ulikuwa na vile vijiwe vyeupe vyepesi, ambavyo wewe na mimi tulikuwa tukivitia kwenye ndoo vielee, tunavipiganisha kama kuku, mpaka Mama anatufukuza tukaangalie maua ya pareto yasije yakaungua kwenye kikausho. Nilingoja vielee.

Vilielea vipande vya makaa. Likaelea ganda la hindi, na unyoya mdogo wa kuku. Mwisho ukaonekana ushanga wa plastiki wa zambarau, ule wanaofungia wasichana kwenye nywele. Kijiwe cheupe hakikuelea hata kimoja.

Nimekuja kwako nyuma ya soko la Molo mara mbili katika miaka hii, nikakaa uani kwako ukinimenyea viazi. Naujua ua ule. Najua mahali unapomwaga jivu na mahali kuku wanapochakura, na Wanjiru alikuwa na shanga hizo.

Nyambura, tangu mwaka jana umeniambia mara tatu kwamba shamba la Baba tulilofukuzwa limerudi. Ulisema yule kijana anayelilima amekubali, chifu amekubali, na nafasi yangu kando ya Baba na Mama imewekwa alama. Nilikuamini. Niliwaambia watoto kwamba Krismasi nitakwenda na huenda nisirudi huku. Niliposimama pale juu ya beseni nilielewa jambo moja tu: kama ungeweza kukanyaga pale, ungechimba pale. Ungekwenda na goti lako hilo bovu, ungechimba.

Sikuandikii haya ili ulie. Najua kwa nini ulifanya. Umebaki peke yako karibu na makaburi ambayo huwezi kuyafikia, na ulitaka kaka yako aje, kwa vyovyote vile. Mimi niliyejifunika blanketi siwezi kumlaumu mtu kwa kusema lisilokuwa. Ila nakuomba usiliseme tena. Mama Saru amenifundisha kwamba kinachouma zaidi ni miaka ya kukaa kimya baadaye, na mimi na wewe hatuna miaka mingi.

Mkawasi aliuinua ule ushanga kwa kidole. "Babu, huu ni udongo wa nyumbani kwenu?"

Wote walikuwa wakingoja, na nadhani hakuna ambaye angejua kama ningedanganya. Nikasema, "Ni wa nyumbani kwa dada yangu."

"Na wako?"

Yule mpishi wa Werugha akasema, "Alete wa pale bandani. Uso utang'aa kwa oili."

Nikacheka naye. Kisha nikapanda gari la kurudi Miasenyi, nikachukua jembe, nikachimba kando ya kaburi la mke wangu, upande wa mashariki, mahali ambapo hakuna aliyelala bado. Ni udongo mwekundu, mkavu mpaka kina cha kiganja, kwani mvua ilikuwa haijaja. Nikaupeleka siku hiyo hiyo, nikakuta wameningoja.

Wamenichora ndani ya hema, nimeketi ukingoni mwa kitanda, blanketi mabegani. Mwachofi yuko nje, mkono kwenye mlango wa lori, ananiangalia. Mkawasi aliniuliza mara mbili kama nina hakika nataka nionekane hivyo mbele ya watu wanaokwenda sokoni. Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa. Sura yangu ni nyekundu kama ndovu wa hapa wanaojimwagia vumbi jekundu. Ya Mwachofi ni ya hudhurungi, ya Chawia.

Udongo wako haukumwagwa. Nilimweleza Mkawasi kwamba nilipokuwa jeshini Mama hakujua kuandika, na kwamba kila barua niliyopata kutoka nyumbani iliandikwa na msichana wa darasa la tano aliyekuwa akibonyeza penseli mpaka karatasi inatoboka. Amekuchora pembeni kulia, chini kidogo, umeinamia meza. Uso wako ni wa udongo wa uani kwako, nao umekubali rangi kuliko wangu. Atakutumia picha kwa simu ya Wanjiru. Mwambie mtoto aikuze uone mikono yako.

Wasalimie wote. Msalimie mama mkwe wa binti yako, aliyeniombea safari njema mara ya mwisho, na yule mchungaji mzee aliyetubatizia watoto, kama bado anatambua watu. Yule kijana anayelima shamba la Baba, ukikutana naye sokoni, msalimie pia; alikuwa hajazaliwa nyumba zilipochomwa. Wanangu wanakusalimu, na Mama Saru amesema nikuandikie kwamba kitanda chako kiko Chawia siku goti litakaporuhusu. Njoo wewe. Basi la asubuhi kutoka Nakuru litakufikisha Nairobi, na kutoka hapo treni husimama Voi.

Nimewaambia watoto wangu jana, baada ya kanisa, na sasa nakuambia wewe. Mahali pangu ni kando ya mke wangu, upande ule wa mashariki nilipochimba.

Mimi ni kaka yako, Njuguna. Sitarudi nyumbani.