Mwezi Niliomficha Mama Mkwe

Temeke, Jumatano, 1937

Nimesema uongo, na sijuti.

Kwetu Wahindu, mwezi ukiandama, mtu akishauona hutazama uso wenye heri. Wangu ni nuksi, anasema mama mkwe, tangu mwanawe, mume wangu, afe.

Leo amefunga kutwa akiusubiri mwezi. Macho yake yana ukungu, kwa hiyo magharibi akaniita uani.

“Jifunike uso kwanza, kisha unionyeshe.”

Nikajifunika. Kupitia mtandio niliuona pale pale, mwembamba kama kipande cha zile bangili alizonivunjia mkononi siku ya msiba.

“Haujaandama, Mama. Labda kesho.”

Amelala na njaa. Nami nina njaa, maana humu hali mtu kabla yake.

Sijali. Leo nuksi tumegawana.