Uso Tuliogawana

Jumapili, 3 Machi

Tumefika salama nchi ya watu. Mama mdogo alisali njia nzima mpaka abiria wa jirani naye akaanza kuitikia amina. Chumba kisafi, vitanda viwili, dirisha linatazama ukuta. Juu ya sinki kuna kioo kikubwa. Nimepiga mswaki nimefumba macho — nimeshazoea. Tangu tumzike pacha mwenzangu, nikijitazama ghafla ni yeye ninayemwona, na kila mara naona kama ameanza kunitazama kabla yangu.

Nyumbani wanajua nimekuja kutengeneza pua na kidevu. Wamecheka sana. Muuza miwani, kutwa anapima pua za watu, leo ya kwake ndiyo ina kasoro! Wacheke. Heri kicheko. Mtoto wa mwenzangu ana miaka mitatu na ananiita mama. Si kwa heshima, anaamini kabisa kwamba mimi ndiye. Kila nikiaga anashika sketi yangu, analia mpaka anatapika. Nimechoka kufa upya kila Jumapili mlangoni kwa shemeji, baba yake.

Jumatatu, 4 Machi

Hospitali. Nilishakagua kila kitu kabla ya kukata tiketi: leseni, usajili wa daktari, kama kuna chumba cha wagonjwa mahututi, siku za kupumzika kabla ya kupanda ndege tena. Mama mdogo anasema nimechunguza kuliko mtu anayeozesha binti wa pekee.

Daktari mpasuaji ni mpole. Miwani yake inateleza. Nikashindwa kuvumilia, nikaiomba, nikaipinda kidogo nyuma ya masikio, ikakaa. Akacheka. Kisha akanionyesha kwenye kompyuta uso utakaokuwa wangu. Pua nyembamba, kidevu kifupi. Mwanamke nisiyemjua, wala si mbaya. Nilifurahi. Halafu nikagundua kwamba mwenzangu hakuwepo pale hata kidogo. Mimi nikibadilika, yeye atabaki wapi?

Muuguzi akaniuliza kupitia mkalimani: katika familia, kuna aliyewahi kupata shida na dawa ya usingizi? Nikasema hakuna.

Jumanne, 5 Machi

Nimeota tena ile korido ya hospitali ya nyumbani. Wote wanamshikilia mama anayelia, mimi peke yangu nimesimama na daktari wa kwetu. Nyumbani wanaamini kidole tumbo ndicho kilichomuua mwenzangu. Sivyo. Walipomlaza kwa dawa ya usingizi, mwili ulikakamaa, ukawa wa moto kama pasi, hakuamka. Daktari yule alinitazama akashtuka — uso uleule. Akaniambia, dada, damu yenu ni moja. Ukihitaji upasuaji siku yoyote, hili liseme kwanza. Dawa nyingine zipo, ila sema.

Sikumwambia mtu. Mama angekuwa hapati usingizi hata nikiumwa jino.

Na hapa nikisema, watanirudisha. Daktari gani atajitia matatani kwa ajili ya pua? Nitarudi na uso huuhuu, na mtoto atanipokea kwa mbio na kunililia wakati wa kuondoka. Siwezi tena. Kweli siwezi.

Leo daktari mpasuaji mwenyewe ameuliza swali lile. Kumbe ndio utaratibu wao: watu watatu, siku tofauti, swali moja. Nikasema hakuna. Mara hii uongo ulitoka bila hata kukwama, nami nikajiogopa.

Jumatano, 6 Machi

Nimechorwa usoni kwa wino wa zambarau, mistari ya kesho. Shemeji akapiga simu ya video. Ningekata, lakini mtoto alikuwa ameshaikamata. Akaisogeza karibu mpaka nikaona tundu za pua tu. Mama, nani kakuchora? Daktari, nikasema. Akaniamuru nikaoge itoke.

Alipoondoka nilimwomba shemeji amzoeshe kuniita mama mkubwa. Akasema, mwambie wewe, shemeji. Mimi nilimwambia mara moja, alininunia wiki nzima.

Mama mdogo alisikia yote. Akaja kukaa kitandani kwangu. Kwa hiyo si pua, akasema. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba yeye akinitazama anapata watu wawili, na hajawahi kuona hasara. Nikalia mpaka wino ukachafua mto wa watu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimevaa gauni la hospitali, la kufungia mgongoni. Kitanda cha magurudumu kililetwa mlangoni. Akaingia daktari wa usingizi, mama mtu mzima mwenye viatu vya plastiki, na mkalimani wake. Swali la tatu. Nikasema hakuna — na mama mdogo akadakia, kwa nia njema, kama anayesifu ukoo kwa wachumba. Hakuna, sisi ni wazima, isipokuwa pacha wake, Mungu amrehemu, kidole tumbo kilimchukua akiwa mezani kwa wapasuaji.

Mkalimani akatafsiri. Kalamu ya daktari ikasimama. Pacha? Wa kufanana? Mama mdogo akaninyooshea kidole usoni: huyuhuyu.

Daktari amevuta kiti. Amemwagiza muuguzi akiondoe kitanda pale mlangoni. Anauliza: alipolazwa, mwili ulipata joto? Mama mdogo anasema hajui, mwulize huyu, siku ile yeye ndiye aliyeongea na daktari. Wote wamenigeukia. Nimeomba nimalize kuandika mistari hii, kama mwehu, na wameniacha.

Daktari hana haraka. Nikisema ndiyo, Jumapili ikifika nina uso huu. Nikisema hapana, huenda yule mtoto akafiwa na mama yake mara ya pili, kwa dawa ileile.

Mama mdogo ameacha kutabasamu. Naona inavyomwingia polepole. Ananiita — jina langu, si la mwenzangu. Ananiita tena. Naweka kalamu, nimjibu daktari.