Mama, Sifanyi Kazi Duka la Manukato

Durban,
Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo Zinga. Magoti yanaendeleaje? Yule daktari wa Bagamoyo alikupa dawa, au bado unajichua kwa mafuta ya nazi? Na fundi wa paa la jikoni amekuja, au bado kila siku anasema kesho? Mimi ni mzima, alhamdulillah, ila baridi ya huku imeanza na mwili wangu haujakubali.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati kila Ijumaa tunaongea kwenye simu. Bi. Hadija, yule mama wa Msata niliyekuambia tunaishi naye mtaa mmoja, anarudi nyumbani wiki hii, nikamwomba akufikishie mkononi. Kuna jambo nimeshindwa kulisema kwenye simu. Kila nikianza, nikisikia sauti yako, naishia kukuuliza habari za kuku.

Mama, sifanyi kazi duka la manukato. Nilikudanganya, na nimekaa na uongo huo mwaka mzima.

Kiwanda cha nguo nilichokuwa nikifanya kazi kilipofungwa, nilizunguka miezi minne bila kitu. Aliyeniokoa ni Bi. Rashida, mjane mmoja wa hapa aliyekuwa anatafuta mtu wa kuosha chupa. Duka lake ni la sigara za mvuke. Ni kidude kama kalamu nene, ndani kina pamba na waya unaopashwa moto na betri. Unatia maji yenye ladha, unavuta, unatoa mvuke badala ya moshi. Wengi wanaokuja ni watu waliovuta sigara miaka na miaka na sasa wanatafuta njia ya kuziacha. Lakini mimi nilimkumbuka Baba, jinsi alivyokuwa akikohoa mpaka anashika ukuta, na pakiti iko chini ya mto. Ningekuambiaje kwamba riziki yangu inatokana na watu wanaovuta?

Basi nikasema manukato.

Yale maji yenye ladha Bi. Rashida anayachanganya mwenyewe kwenye chumba cha nyuma. Anavaa glovu, ana mizani ndogo inayopima hata tone. Anaweka glisirini, ambayo ni nzito na tamu kidogo, kisha maji mengine mepesi ya kubeba ladha, kisha ladha yenyewe. Nikotini huishika yeye peke yake, kwa sababu ile ni sumu ikimwagika mkononi. Siku moja chupa nzima ya mchanganyiko ilimkasirisha. Wateja walilalamika kwamba unavuja na kuwaingia mdomoni. Nikainamisha chupa, nikautazama unavyoteremka kwenye kioo.

"Huu ni mwepesi," nikamwambia. "Na ule wa wiki iliyopita ulikuwa mzito mno, ndiyo maana pamba ilikauka na watu wakasema unanuka kuungua."

Akanitazama. "Nani amekufundisha?"

Nikamwambia mama yangu anauza kalimati, na nimekua nikimsaidia kuangalia shira ikishika. Hakujua kalimati ni nini, lakini kuanzia siku ile akaniruhusu kuingia chumba cha nyuma na kusimama pembeni yake.

Sasa nikueleze kuhusu Bwana Naidoo. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa dereva wa malori. Amevuta tangu ujana. Daktari alimwambia mapafu yake hayana muda wa kusubiri. Akaja dukani, akajaribu embe, akajaribu stroberi, akajaribu peremende, vyote akavirudisha.

"Mnaniuzia pipi," alinung'unika. "Mimi ni mtu mzima. Nitarudi kwenye sigara zangu, angalau zina heshima."

Nikamwonea huruma, Mama. Anavyokohoa ni vilevile kama Baba. Nikajiambia nitamtengenezea kitu cha mtu mzima: shira yako, yenye iliki. Siku Bi. Rashida alipotoka kwenda benki, nikachukua mchanganyiko usio na ladha, nikaweka ladha ya sukari ya kuungua ya kwenye kichupa, kisha nikatia matone ya mafuta ya iliki niliyonunua duka la viungo. Harufu yake! Nilijiona nimesimama jikoni kwetu. Bwana Naidoo alipopita nikampa kichupa, nikamwambia ni zawadi. Akaondoka anatabasamu.

Bi. Rashida akarudi, akanusa hewa. "Umeweka nini?"

Nikamwonyesha kwa majivuno. Akakaa chini.

"Omari, haya ni mafuta. Mafuta hayageuki mvuke. Yakiingia kifuani yanakaa humo humo, yanamwumiza mtu. Ladha za hapa ni zile zisizo na mafuta hata chembe. Umempa nani?"

Nikamtaja Bwana Naidoo. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Simu ya Bwana Naidoo ilikuwa haipokelewi. Bahati nilijua anakoishi. Nilikimbia kilima kizima, Mama, na lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya sita nikiomba dua kwa sauti, watu wananishangaa. Niliwaza nimemuua mgonjwa kwa mkono wangu. Niliwaza nikikamatwa nitakuambia nini, na wewe hata kazi yangu huijui.

Alifungua mlango akiwa na kidude mkononi. Ameshavuta mara tatu.

"Hii ndiyo," aliniambia. "Hii sasa ndiyo yenyewe."

Ningeweza kumwambia tu kwamba nimekosea chupa. Maneno hayo yalinijia mdomoni tayari, mepesi, kama yalivyonijia yale ya manukato. Lakini alikuwa ananitazama kwa furaha, na macho yale yakanishinda. Nikamwambia yote: kwamba sina ruhusa ya kuchanganya, kwamba nimetia mafuta, kwamba ninaogopa kifua chake.

Akanitukana, matusi ya dereva wa malori, marefu, nami nikasimama nikayapokea. Alipomaliza akavaa viatu, akasema, "Basi twende zahanati pamoja, na wewe ndiye utakayemweleza daktari."

Nikamweleza. Daktari alimsikiliza kifua, akampiga picha, akasema kwa mara tatu hizo hakuna alichokiona, lakini arudi baada ya wiki. Alirudi, mimi niko naye. Alhamdulillah, hakukuwa na kitu kipya.

Nilidhani Bi. Rashida atanifukuza. Alinirudisha kuosha chupa, na kila jioni kabla ya kufunga akanikalisha na daftari: kipi kinayeyuka, kipi hakiyeyuki, uzito gani kwa kidude gani, kwa nini mchanganyiko unaachwa kabatini wiki mbili ladha ikae. Miezi miwili hakuniruhusu kugusa mizani. Siku aliponiruhusu, nilitengeneza tena ile ya iliki, safari hii kwa ladha halali ya kazi hii. Nilikosea mara nne. Ya tano ilikuwa nzito inavyotakiwa, na iliki inakuja mwisho, taratibu, haikwaruzi koo.

Bwana Naidoo alisita kuipokea, na nilimwelewa. Bi. Rashida akamsomea kila kilichomo. Huu ni mwezi wa tatu hajagusa sigara, na nikotini tunampunguzia kidogo kidogo, mpaka abaki na ladha tupu, kisha aache na hicho kidude. Bado anakohoa, lakini sasa anaweza kumaliza kucheka.

Sikufichi, Mama, kitu hiki si kizuri. Bi. Rashida mwenyewe akiona kijana asiyevuta sigara anaingia, anamtoa dukani. Ndiyo maana naomba umwambie shemeji Haji, ambaye peke yake huko nyumbani nilimdokezea kazi hii, kwa msisitizo: ile karatasi ya vipimo vya mchanganyiko anayoniomba sitampa. Anataka kununua glisirini na rangi na ladha za keki awauzie vijana wa stendi. Ladha za keki nyingine zina mafuta, na vijana wenyewe hawavuti hata sigara. Mwambie nilishakimbia ngazi za ghorofa sita mara moja, inatosha. Akitaka biashara, nikija tutakaa tuzungumze nyingine.

Na nakuja, inshallah, kabla ya mwezi wa Ramadhani. Bi. Rashida amenipa likizo na mkataba, nimekuwa mchanganyaji kamili. Lakini mkataba sijautia saini. Nimemwambia kuna mtu lazima nimuulize kwanza. Ukisema niache, nitaacha, na sitanung'unika. Ukiniruhusu, nitafanya nikiwa na radhi yako. Naomba unisamehe kwa ule mwaka wa uongo.

Nisalimie dada Mwajuma na wanawe, shangazi wa Kaole anayeniombea kila siku, na jirani yetu mwalimu wa madrasa. Bwana Naidoo anakusalimu pia. Ameniuliza mara mbili kama umeshajua, nikamjibu kwamba naandika barua.

Usinijibu kwa haraka. Ijumaa nikipiga simu, kabla hujaniuliza kama nimekula, nipe jibu lako.

Ni mimi mwanao, ninayesubiri neno lako,
Omari