Sauti ya Shangazi Eseta Ndani ya Simu Iliyokufa

Kisiwani Savai'i, Jumamosi asubuhi

Kwa dada yangu Penina,

Salamu zangu zivuke maji zikukute huko Auckland ukiwa mzima, wewe, shemeji na mwanetu Viliamu. Goti lako linaendeleaje na baridi hiyo? Sisi huku tunapumua. Magimbi yamekubali, nguruwe wanazaa, na kaka yako bado anabeba vikapu viwili vya nazi kwa bega moja, wakati vijana wa siku hizi hubeba kimoja na kuomba maji njiani. Shangazi Eseta anakula, ananitambua nikiingia, lakini tangu kiharusi kile ulimi wake haujafunguka.

Najua umepiga tangu Jumatano hunipati. Sasa ningeweza kukupigia, lakini nimeona niandike, barua akuletee binamu yetu Sefo anayepanda ndege keshokutwa. Yako mambo ambayo kaka hamtamkii dada yake kwa mdomo, wajua tulivyolelewa.

Ile simu uliyonitumia ilikufa. Moyo wako umekimbilia wapi najua, maana na wangu ulikimbilia hukohuko. Nasaba ya ukoo aliyoitaja Shangazi mwaka juzi kabla hajaugua, vizazi kumi na kimoja, dakika arobaini, imerekodiwa humo na haiko pengine popote. Na wiki mbili zijazo Viliamu anakuja kuvikwa jina la babu, cheo cha ukoo wetu, nami ndiye wa kusimama mbele ya wazee kuitaja. Jina moja likirukwa, wale wa tawi la pili la ukoo watainuka waseme hatuna haki nalo. Hilo ndilo wanalolisubiri.

Nyumbani nilisema ni radi. Nikawaambia imepasua wingu, imepita katikati ya nguzo, imeruka bakuli la supu ikaingia kwenye simu mkononi mwangu, na mimi sikutikisika. Mke wangu Malia akauliza ni radi gani hiyo isiyounguza hata unywele. Nikamjibu kuwa radi nayo inajua mtu wa kumheshimu.

Simu yenyewe ilikuwa inaonyesha nembo ya kampuni, inazima, inawaka, nembo tena, kama mtu anayetaka kupiga chafya isitoke. Nilikosa hamu ya chakula, mimi ninayemaliza samaki mzima na kichwa chake. Wazee wakinikuta njiani wananiuliza kama nasaba iko tayari, nami najibu kwamba ninayo yote kichwani. Nikifika nyumbani naibonyeza simu tena, nembo tena.

Jana nikaenda mjini Salelologa kwa fundi. Fundi mwenyewe, dada, ni Rosalina binti Tavita, yule ambaye mwaka jana baraza letu la kijiji lilimtoza katoni ya samaki wa kopo kwa sababu redio yake ililia wakati wa sala ya jioni. Aliyesimama kudai adhabu ni mimi. Aliponiona mlangoni akasema, "Karibu, mheshimiwa. Hapa kwangu kelele si kosa."

Nikamweleza habari ya radi. Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, yakatokea maandishi madogo, akayasoma. Akasema radi huacha alama, ila hii ilikuwa inajisasisha na mtu akaizima katikati. Nikasema labda ilijizima. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mlevi.

Akasema njia ni mbili. Ya kwanza, airudishie mfumo wake kwa kompyuta bila kugusa vilivyomo. Ikishindikana, afute kila kitu, simu ipone lakini iwe tupu kama siku ilipotoka dukani. Nikamwambia hiyo ya pili asiitaje tena mbele yangu. Akachomeka waya. Kuupakua tu huo mfumo mpya kulichukua asubuhi nzima. Kisha namba zikaanza kupanda, na zilipofika tisini na moja zikagoma. Nikauliza. Akasema, "Mzee, hata pumzi usiielekeze kwenye huo waya." Nimewahi kukaa ndani ya kimbunga nimeshika paa kwa mikono miwili, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoiogopa ile tisini na moja. Nilikaa nikitaja majina ya ukoo kimoyomoyo. Nilifika la nne nikakwama.

Ikapona, dada. Kila kitu kimo.

Sasa sikiliza ambalo hata Malia hajui. Hapakuwa na radi. Jumatano jioni simu iliomba ijisasishe, nikakubali, nikidhani ni dakika mbili. Baragumu likapulizwa, kijiji kikatulia, vijana wa zamu wakajipanga barabarani kuangalia nani anavunja sala. Katikati ya sala simu ikajiwasha yenyewe ikapiga wimbo. Mimi, mtoza faini! Nikaibana kifuani nikakandamiza kitufe mpaka ikanyamaza. Niliona afadhali ife kuliko niaibike.

Na nasaba siijui. Jana nilisikiliza rekodi yote kwa mara ya kwanza. Mwishoni Shangazi anauliza, "Iakopo, umeshika?" Unasikika mkoromo, nami ndiye ninayekoroma. Naye hakukasirika. Anaisogelea simu, sauti inakuwa karibu, anasema polepole, "Basi, Penina mwanangu, shika wewe."

Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo, Rosalina ameninakilia sauti yote humo. Jifunze, dada. Siku ya Viliamu simama wewe uitaje, jina lako ndilo aliloliita. Wazee nitawaambia mwenyewe, na sababu nitawaambia.

Msalimie shemeji, mbusu Viliamu, na umkaripie Sefo kama ameikunja bahasha. Malia na watoto wanakuamkia. Mungu akulinde safarini. Siku hiyo nitakaa nyuma yako, macho wazi.

Kaka yako,
Iakopo